Salio la Fedha za Maji Lisihamishwe Gizani

Kila mwezi wa Juni ukaribiapo, maafisa wa fedha katika kaunti zetu huingiwa na pilkapilka zisizoonekana katika miezi mingine. Mwaka wa fedha wa serikali hukoma tarehe 30 Juni, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, katika kifungu cha 136, yasema kwamba idhini ya fedha ambazo hazijatumika kufikia siku hiyo hukoma papo hapo, na zile zilizokwisha kutolewa hurejeshwa katika akaunti kuu ya kaunti. Hapo ndipo huzuka swali ambalo mwananchi wa kawaida aghalabu haulizwi: shilingi zilizobaki katika mradi wa maji wa mtaa huu, zipelekwe mtaa upi?

Rai yangu ni kwamba zihamishwe iwapo pana haja ya kweli, lakini zihamishwe mchana, mbele ya macho ya watu.

Sisi wakazi wa Gataka tuko pembezoni mwa Kaunti ya Kajiado, jirani na Ongata Rongai, hatua chache tu kabla ya kuingia Nairobi. Kitengela iko upande mwingine wa kaunti, kando ya barabara iendayo Namanga, na mji wa Kajiado uko mbele zaidi kusini katika barabara iyo hiyo. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kajiado yote. Ile ya mwaka 2019 ikahesabu 1,117,840. Ni ongezeko la watu zaidi ya 430,000 kwa miaka kumi, na wengi wao wamekuja kuishi katika miji hii inayopakana na Nairobi. Mabomba hayakukimbia kwa kasi hiyo. Pengo linazibwa na malori ya maji, mikokoteni iliyosheheni mitungi, na visima vya watu binafsi. Kwa hiyo, ukiniambia kuna fedha za maji zilizobaki, mimi husikia ajabu kama ya kuambiwa kuna chakula kilichobaki katika nyumba yenye njaa. Kimebakije?

Nadhani lugha yenyewe imetuponza kidogo. Fedha hizi twaziita ruzuku, na kila mwalimu wa Kiswahili anajua kuwa kuruzuku ni kujalia riziki, jambo ambalo kwa desturi twalinasibisha na Mola. Basi mtu akiruzukiwa hushukuru, hahoji. Lakini ruzuku ya serikali haikushuka kutoka mbinguni. Hata kabla ya ugatuzi, wakati Kajiado ilipokuwa chini ya Baraza la Olkejuado, sheria ya mwaka 1998 ilitenga asilimia 5 ya kodi ya mapato igawiwe mabaraza ya mitaa. Fedha hizo zilitoka katika mishahara ya walimu na makarani, na kodi ya wenye biashara. Leo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 202, yaruhusu kaunti kuongezewa fedha kutoka fungu la serikali ya kitaifa, kwa masharti au bila masharti. Mwenye mali ni yule yule mlipa kodi, na mwenye mali ana haki ya kuuliza hesabu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mradi wa tangi na mabomba umetengewa shilingi milioni 30, na mwishoni zimetumika milioni 26. Je, milioni 4 zilizosalia ni ushahidi wa ubanaji matumizi? Huenda ni hivyo, ikiwa mwanakandarasi alishinda zabuni kwa bei nafuu na kazi ikakamilika. Huenda pia bomba lilipaswa kufika shuleni likakomea sokoni. Au fedha zenyewe ziliwasili kwa kuchelewa, mwaka ukaisha mafundi wakingali wanachimba mtaro. Katika hali ya kwanza salio ni halali kuhamishwa. Katika hizo nyingine si salio hata kidogo. Ni deni ambalo mradi unawadai wenyeji, na kulipeleka kwingine ni kuwapokonya wa Gataka ili kuwafurahisha wa Kitengela, au kinyume chake.

Sheria haikulala katika jambo hili. Kifungu cha 154 chamruhusu afisa mhasibu kuhamisha fedha baina ya programu iwapo fedha hizo hazielekei kutumika, mradi aeleze sababu zake kwa hazina ya kaunti na kupata kibali, na jumla ya yote yanayohamishwa isizidi asilimia 10 ya kilichoidhinishwa kwa programu husika. Tena fedha za ujenzi haziruhusiwi kugeuzwa kulipia safari na chai za ofisini. Hayo ni mema. Kasoro ninayoiona ni kwamba sababu hizo huandikwa na afisa, zikasomwa na afisa, ilhali mwenye mtungi mtupu hazisomi popote.

Na zikihamishwa, ziende wapi? Hapa sitafuni maneno: zimalize kilichoanzwa kabla ya kuanzisha kipya. Wakubwa wetu hupenda kisima kipya kwa kuwa kina sherehe, utepe na hotuba, ilhali bomba la kuunganisha tangi na nyumba za watu halina anayelipigia makofi. Kisima chenyewe kina hatari zake. Maji ya ardhini katika sehemu kadhaa za Kajiado yana madini mengi ya floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, na walimu wamewaona watoto wenye meno yaliyogeuka rangi ya kahawia. Salio dogo lililotumiwa kupima na kusafisha maji ya kisima kilichopo lina faida kuliko shimo jingine lililochimbwa kwa pupa ya Juni.

Nitaambiwa kuwa kuwauliza watu huchelewesha kazi na fedha zitarudi. Ziende zikirudi! Akaunti zinakorejeshwa ni ya kaunti hiyo hiyo, na bunge la kaunti laweza kuzitenga upya katika bajeti ifuatayo, mradi masharti ya aliyetoa ruzuku yazingatiwe. Aidha, hakuna kinachoizuia kaunti kuandaa mapema, pamoja na bajeti yenyewe, orodha ya miradi ya akiba kwa mpango wa kipaumbele, ili salio likipatikana lijue njia yake.

Kwa walimu wenzangu na wanafunzi nina ombi. Pitieni bao la mradi lililo karibu na shule yenu, nakilini kiasi kilichoandikwa, kisha muandike barua kuuliza kilichotumika. Katiba katika kifungu cha 35, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, zawapa raia haki hiyo. Na kaunti nayo ibandike karatasi moja tu katika ofisi ya chifu na langoni pa shule: kiasi kilichobaki, sababu ya kubaki, kinakopelekwa, na jina la aliyetia sahihi.