Mbwa Mwenye Njaa Si Mlinzi

Wakulima wengi katika skimu hununua dawa ya kupe ya ng'ombe bila kunung'unika, lakini mbwa wa boma humwacha ajitafutie. Ukiwauliza sababu, hujibu: "Mbwa akishiba hulala, njaa ndiyo humfanya mkali." Ndugu mkulima, maneno hayo si kweli.

Mbwa mwenye njaa hakai bomani. Usiku unapomhitaji, yeye yuko machinjioni akitafuta mabaki. Huko aweza kuumwa na mbwa mwenye kichaa. Tena hula maini na mapafu mabichi yenye vifuko vya maji, akapata tegu. Mayai ya tegu hutoka katika mavi yake, na mtoto anayecheza naye akiyameza, uvimbe wa maji huweza kuota katika ini lake. Je, unga uliouokoa wafaa nini? Hata mwizi humnyamazisha mbwa huyo kwa kipande kimoja cha nyama.

Lakini usizidishe. Mbwa anayefungwa mnyororo mchana kutwa na kujazwa ugali hunenepa, hutweta akipanda kilima, na viungo vyake huuma. Huyo naye si mlinzi.

Kipimo unacho mkononi. Nyosha vidole vyako, kisha papasa mgongo wa mkono: mbavu za mbwa zikiwa hivyo, ni mzima. Zikiwa kama vifundo vya ngumi, amekonda. Ikiwa huzipati mpaka ubonyeze, amenenepa. Mtazame pia kutoka juu. Yafaa kiuno kionekane nyuma ya mbavu.

Mbwa aliyekonda huenda ana minyoo. Muulize daktari wa mifugo dawa ifaayo. Mbwa mkubwa mlishe asubuhi na jioni: ugali uliochanganywa na omena, au matumbo yaliyochemshwa yakaiva kabisa. Mifupa iliyopikwa usimpe, kwani huvunjika vipande vikali vya kumchoma tumboni. Aliyenenepa mpunguzie ugali kidogo kidogo, naye afuatane nawe shambani. Na wote wadungwe sindano ya kichaa kila mwaka.

Ukiona gharama hii ni kubwa kwa mbwa watatu, basi fuga mmoja. Mmoja anayelishwa vizuri atalinda boma lako kuliko watatu wanaozurura.