OILI NZITO SI DAWA YA INJINI KUUKUU

Ndugu Wafanya Kazi,

Liko neno moja ambalo limekuwa kama sheria katika magereji ya Kisauni, toka Kongowea mpaka Mishomoroni. Gari likizeeka na kuanza kula oili, fundi husema, "Litie nzito." Tajiri mwenye gari hufurahi, kwa sababu ni shauri la bei nafuu. Oili nzito hununuliwa, moshi hupungua siku mbili tatu, na gari hurudi barabarani. Halafu injini ikigonga, anayeulizwa si fundi wala si tajiri. Ni dereva.

Sisi wafanya kazi wa reli tukaao Kisauni twapanda matatu hizo asubuhi na jioni. Madereva wake ni jirani zetu, na wako kati yetu waliochanga mishahara yao wakanunua gari kuukuu la kuwasaidia. Kwa hiyo jambo hili latuhusu. Nasi twasema wazi kwamba neno hilo la "litie nzito" si kweli, na tena lawaumiza wafanya kazi.

Tuanze na maandishi ya mkebe, maana wengi huyatazama kama maandishi ya mganga. Mkebe ukiandikwa 20W-50, nambari iliyo kabla ya W ni ya majira ya baridi ya Ulaya. Oili ya 20W hujaribiwa katika baridi ya digrii 15 chini ya sifuri, na ya 5W katika digrii 30 chini ya sifuri. Kisauni hatuna baridi hiyo. Lakini msidhani nambari hiyo ni bure: oili yenye nambari ndogo hupanda upesi asubuhi gari linapowashwa, na wakati huo ndipo injini husagika sana.

Nambari ya pili ni ya injini ikiwa moto, nayo hupimwa kwa digrii 100. Hapo oili ya 30 ina kipimo cha uzito toka 9.3 mpaka 12.5. Ya 40 ni toka 12.5 mpaka 16.3. Ya 50 ni toka 16.3 mpaka 21.9. Fanyeni hesabu wenyewe. Mtu akiruka kutoka 30 mpaka 50, anaweza kuwa ameongeza uzito karibu mara mbili. Je, fundi alimwambia hivyo?

Sasa, kwa nini oili nzito huonekana kama imeponya? Injini iliyotembea sana beringi zake zimelika, nafasi zimepanuka, na oili hukimbia upesi kupitia nafasi hizo. Presha hushuka na taa nyekundu huwaka gari likisimama. Oili nzito hukimbia polepole, basi presha hupanda na taa huzimika. Lakini presha si sawa na oili kufika mahali pake. Mpira wa maji ukiubana mwishoni, presha hupanda, lakini maji yatokayo hupungua. Beringi iliyolika haikurudi kuwa nzima, na ringi za pistoni hazikuongezeka hata uzi mmoja. Wazee walisema: mficha maradhi kilio kitamfichua.

Hatari ni kubwa zaidi kwa magari ya siku hizi. Probox nyingi zipitazo daraja la Nyali zina injini ya VVT-i, ambayo hugeuza wakati wa valvu kwa nguvu ya oili ile ile, kupitia vijia vyembamba. Injini ya namna hiyo ilitengenezwa kwa oili nyepesi kama 5W-30. Ukiitilia oili nzito mno huchelewa kufanya kazi yake na hula petroli zaidi. Wapo watakaosema kwamba baba zetu walitia 20W-50 na magari yakaishi. Ni kweli, kwa sababu mara nyingi magari yale ya kabureta kitabu chake chenyewe kilikubali oili hiyo katika nchi za joto. Baba zetu walifuata kitabu. Mafundi wa leo wanafuata mazoea.

Hatusemi kwamba oili nzito ni haramu. Gari likiwa limetembea sana, na kitabu kikiruhusu, kupanda daraja moja, yaani 30 mpaka 40, ni shauri la busara. Ziko pia oili zilizotengenezwa kwa ajili ya magari yaliyopita maili 75,000, yaani kilomita 120,000 hivi, ambazo ni kama kwenda Nairobi kutoka Mombasa mara 250. Oili hizo zina dawa ya kulainisha sili za mpira zilizokauka. Kama oili yadondoka pole pole chini ya gari, zaweza kusaidia. Kama ringi zimekwisha, hazitasaidia kitu. Kwa hiyo kwanza tafuteni ugonjwa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Moshi mweupe usiokoma, na maji yanapungua, tazameni gasketi ya kichwa. Magonjwa matatu hayawezi kuwa na dawa moja.

Tena tazameni herufi, maana ndizo zinazotumiwa kutudanganya. S ni ya injini za petroli na C ni ya dizeli. Herufi inayofuata hueleza umri wa oili. SF haifai kwa injini nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988. SG haifai kwa nyingi za baada ya 1993. SN na SP ni za juu kuliko hizo, na SP ilianza mwaka 2020. Basi mkebe wenye picha ya gari jipya na herufi SF ni mkebe wa zamani katika nguo mpya. Na oili ichotwayo katika pipa, isiyo na jina wala herufi, hiyo usiulize ni nzito au nyepesi. Hujui hata kama ni oili iliyokwisha kutumika ikachujwa kwa kitambaa.

Ndugu, sisi wa reli twajua jambo hili kwa sababu reli haikubahatisha. Injini za EMD za Marekani, zile za 567 na 645, zilikuwa na beringi zenye madini ya fedha. Oili ya gari yenye zinki huila fedha hiyo, kwa hiyo ilikatazwa, ingawa zinki hiyo hiyo hulinda injini ya gari. Hapo ndipo mtaona kwamba oili "nzuri" haiko. Iko oili inayoifaa injini fulani. Tena mwaka 1946, reli ya Denver and Rio Grande huko Marekani ilianza kupima madini yaliyomo katika oili chafu ya injini za dizeli, ili kujua kipi kinalika kabla ya kuvunjika. Kama kampuni ya reli iliona faida kupima oili kabla ya kubomoa injini, mwenye matatu moja anashindwaje kununua daftari la kuandika siku aliyobadilisha?

Maana hapo ndipo penye ugomvi wetu. Tajiri husema, "Badilisha baada ya kilomita elfu kadha." Lakini gari likisimama katika msongamano wa Nyali saa nzima, injini inaunguruma na kilomita hazisogei. Oili inachoka na mita haisemi. Dereva akiomba oili mapema huambiwa kwamba anataka kula fedha. Asipoomba, injini inakufa, na huambiwa kwamba ameua gari. Njia zote mbili anayelipa ni yeye.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika ikiwa tu mfanya kazi ameiharibu kwa kosa la makusudi, na kiasi kiwe cha haki. Tena makato yote pamoja hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara. Injini iliyotembea kilomita laki tatu, ikatiwa oili ya pipa kwa amri ya mwenyewe, si kosa la makusudi la dereva. Ni uchoyo wa tajiri.

Kwa hiyo twataka mambo manne, nayo si makubwa:

1. Oili inunuliwe katika mkebe uliofungwa, wenye nambari na herufi zinazokubaliwa na kitabu cha gari, na chujio libadilishwe pamoja nayo.

2. Kila gari liwe na daftari: tarehe, kilomita, aina ya oili, na sahihi ya aliyeitia. Dereva apime kila asubuhi injini ikiwa baridi, aandike alichoongeza.

3. Dereva asikatwe hata senti kwa injini iliyokufa kama daftari halipo au oili haikununuliwa.

4. Oili chafu isimwagwe mtaroni ikashuka katika hori la Tudor wanakovua ndugu zetu, wala isiuzwe tena kama oili.

Nanyi madereva, msingoje tajiri aanze. Daftari ni la shilingi chache. Nunueni wenyewe, andikeni leo, na mkiamriwa kutia oili ya pipa, andikeni jina la aliyeamuru. Siku ya kuulizwa, anayesema kwa mdomo atabishana, na mwenye daftari atalifungua.

Wenu katika chama,
Wafanya kazi wa Reli, Kisauni