MLANGO WA CHINI YA WAGONI: NANI ANAUFUNGUA, NA ANASIMAMA WAPI?



Kuna watu wanaotuambia ya kuwa mambo ya chuma ni ya mainjenieri, na mambo ya mfanyakazi ni mshahara na posho tu. Wanasema: ninyi ombeni franka, sisi tutachagua mashini. Maneno hayo ni matamu masikioni, lakini yana sumu ndani. Sababu mashini ikisha kuchaguliwa, ni yenyewe inayoamua mkono wa nani utakuwa karibu na chuma, na mgongo wa nani utakuwa chini ya mzigo. Leo tutawaonyesha jambo hilo kwa kitu kimoja ambacho watu wengi wanapita kando yake bila kukitazama: mlango ulio chini ya wagoni.

Reli ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, katika mwaka 1910. Tangu wakati ule baba zetu na sisi tunaishi na mlio wa treni. Tunajua wagoni ya kupakuliwa kwa beleshi. Lakini kuna wagoni nyingine inayojipakua yenyewe. Mmeona mashini ya kusaga mahindi: juu ni pana, chini ni pembamba, na mahindi yanashuka kwa uzito wake yenyewe. Wagoni ile ni vivyo hivyo. Sakafu yake imeinama, na chini iko milango. Wanaipeleka juu ya shimo, mlango unafunguka, na makaa ya mawe, au mawe ya shaba, au kokoto za njia ya reli zinaanguka. Kazi iliyokula nusu ya siku ya watu wengi inakwisha kwa dakika chache.

Hakuna mtu atakayesema ya kuwa wagoni hiyo ni mbaya. Neno letu ni juu ya mlango. Fikirini: wagoni kubwa za Marekani za leo zinabeba karibu tani 100. Uzito huo wote unalalia milango michache, na milango inashikwa na chuma kidogo. Yule anayekiondoa chuma hicho kwa mkono wake anafungulia tani 100. Je, anasimama wapi?

Tutazame kwanza namna za zamani. Namna moja ni ya mnyororo na shafti. Milango imefungwa kwa minyororo, nayo minyororo imezungushwa juu ya shafti ya chuma inayopita kando ya wagoni. Kwenye mwisho wa shafti kuna gurudumu la meno, na ulimi wa chuma unaingia katika meno ili shafti isirudi nyuma. Ili kufunga, mtu anatia baramini katika tundu la shafti na kuzungusha kwa nguvu, jino kwa jino. Ili kufungua, anauinua ulimi. Basi, mara ile ile uzito wote unavuta minyororo, na shafti inazunguka kama wazimu. Ole wake aliyesahau baramini ndani ya tundu! Baramini ile inageuka kuwa fimbo mkononi mwa shetani. Inavunja mkono, inavunja taya, inavunja kichwa.

Namna ya pili ni ya ndoano. Mlango unashikwa pembeni na ndoano mbili, nawe unazipiga kwa nyundo kubwa mpaka zitoke. Unazipiga ukiwa umesimama pale pale mlango unapoangukia, huku umeinama, na jicho lako liko karibu na vumbi. Namna ya tatu ni mlango wa kusukumwa kama droo ya meza: chini yake iko reli ndogo ya meno, na gurudumu la meno linaupeleka mbele na nyuma. Hii ni nzuri kwa nafaka na saruji, kwani unaweza kufungua kidogo kidogo. Lakini mlango ukikwama kwa kutu au kwa uzito, kapita anapiga kelele, watu wawili watatu wananing'inia juu ya baramini, na mlango ukiachia kwa ghafula, wote wanaanguka pamoja na chuma.

Tena tusisahau jambo ambalo wakubwa hawapendi kulisikia: kufungua si mwisho wa kazi. Mawe yenye maji, hasa wakati wa mvua, hayashuki. Yanashikana na kujenga daraja juu ya mlango, chini pakiwa wazi na juu pamejaa. Ndipo utakaposikia amri: panda juu, choma kwa chuma! Mtu anasimama juu ya daraja ambalo halina nguzo. Daraja likianguka, linaanguka pamoja naye, na mchanga hauulizi jina la mtu. Halafu, wagoni ikisha kuwa tupu, lazima kufunga. Jiwe moja limebaki kwenye ukingo, mlango haukai sawasawa, na mtu anatambaa chini ya wagoni kuliondoa. Asipoliondoa, mlango utafunguka njiani, mzigo utamwagika juu ya reli, na magurudumu yanayofuata yatatoka njiani.

Basi, je, akili ya mwanadamu haikupata dawa? Iliipata, tena zamani. Dawa ya kwanza inafanana na goti. Mtu akisimama na kunyoosha mguu mpaka goti limekwenda nyuma kidogo, uzito wa mwili wake unazidi kulikaza goti, naye anaweza kusimama muda mrefu bila kuchoka. Lakini ukimgusa nyuma ya goti, anaanguka. Mafundi walitengeneza vyuma viwili vyenye kiungo katikati, kama paja na mguu. Mlango ukifungwa, kiungo kinavuka ule mstari wa kunyooka, na kadiri mzigo unavyokandamiza mlango, ndivyo kufuli linavyozidi kukaza. Mzigo wenyewe unakuwa mlinzi wa mlango! Hapo hakuna ulimi wa kuinua huku unaomba Mungu. Kinachotakiwa ni nguvu ndogo ya kukirudisha kiungo nyuma, na nguvu hiyo inaweza kutoka mbali.

Inatoka wapi? Katika hewa. Treni ina bomba la hewa kwa ajili ya breki. Ukiongeza tangi na silinda juu ya wagoni, hewa inasukuma kiungo, mlango unafunguka. Hewa inarudi, mlango unafungwa. Mfanyakazi anasimama mbali, ameshika kishikio kidogo tu. Katika Marekani, miaka ya 1960 na 1970, walikwenda mbele zaidi. Waliweka kando ya reli chuma chenye umeme, na wagoni ikapewa kiatu cha kukigusa. Wagoni ikipita juu ya shimo, kiatu kinagusa, umeme unafungua njia ya hewa, milango yote inaanguka. Hakuna mtu hapo kando.

Waingereza nao walifanya kwa njia yao. Kuanzia mwaka 1964 na 1965 reli ya Leta ya Uingereza ilitengeneza wagoni za makaa za tani 32, na mwisho zilizidi 10,000. Hizo hazikuhitaji hata hewa kwa milango. Kando ya reli, pale penye shimo la mashini ya umeme, waliweka vyuma vya kugonga kishikio cha wagoni: cha kwanza kinatoa kufuli, kingine kinafungua, na baada ya shimo kingine kinafunga. Treni haikusimama. Ilipita polepole, nusu ya maili kwa saa, polepole kuliko mzee anayetembea na fimbo, na wagoni moja baada ya nyingine ikajimwaga na kujifunga. Mwendeshaji wa lokomotivu alibaki kwenye kiti chake.

Sasa, ndugu, sikilizeni vizuri, kwani hapa ndipo kwenye kiini cha maneno yetu. Kwa nini Waingereza walifanya hivyo? Je, ni kwa sababu bwana mmoja alilia usiku kwa kufikiri mikono ya wafungua milango? Hapana! Walipiga hesabu za wagoni. Waliona ya kuwa wagoni ndogo za zamani, zile za tani 16, zilikaa siku nyingi zikingoja kupangwa na kumwagwa, na wagoni iliyosimama ni fedha iliyolala. Walitaka treni izunguke bila kupumzika kutoka mgodini mpaka kwenye mashini ya umeme na kurudi. Mkono wa mfanyakazi uliponea hapo kwa bahati tu, kama kuku anavyookota mtama wakati watu wanapepeta.

Tena tazameni jambo lingine, la Marekani, juu ya kuunganisha wagoni. Zamani mtu aliingia katikati ya wagoni mbili zinazogongana ili atie msumari katika pete ya chuma. Wengi walikatwa vidole, wengi walisagwa. Kiungo kinachojishika chenyewe kilikuwa tayari: Eli Janney alikipatia hati mwaka 1873. Je, wenye reli walikinunua upesi? Walikaa miaka ishirini! Ilitakiwa sheria ya mwaka 1893, na hata hiyo ikapewa muda mpaka 1900 ndipo ikashika kabisa. Mwaka 1910 ikaja sheria nyingine juu ya ngazi, vikanyagio na breki za mkono. Sheria hizo hazikusema kitu juu ya mlango wa chini ya wagoni, nao ukabaki katika mikono ya wenye mali. Mnaona? Chombo kinaweza kuwa tayari ghalani, na watu wakaendelea kukatwa mikono nje ya ghala, mpaka watu wengi waseme kwa sauti moja.

Wengine watatujibu: hewa ina gharama, mabomba yanavuja, hapa kwetu vyombo vya kubadilisha vinakawia, afadhali mnyororo ambao fundi yeyote anaweza kuutengeneza kwa moto na nyundo. Neno hilo si la kijinga, na hatulifichi. Ni kweli ya kuwa silinda isiyotunzwa ni hatari kuliko mnyororo uliotunzwa. Mlango wa hewa unaweza kujifunga wakati mtu yuko chini akisafisha, na hapo haumwachi. Lakini mbona gharama inaonekana kuwa kubwa siku ya kununua silinda tu, na haionekani siku ya kumpeleka mtu hospitali? Kufuli la goti halina hewa ndani yake. Ni vyuma viwili na kiungo. Fundi wa kwetu analijua akiliona mara moja. Na vile vyuma vya Waingereza kando ya reli havikuomba bomba lolote. Asiyetaka kununua asiseme ya kuwa haiwezekani. Aseme hataki.

Wengine tena, nao ni wenzetu kabisa, wanaogopa jambo jingine: milango ikijifungua, sisi tutakula nini? Hofu hii ni ya haki. Treni inayojimwaga haihitaji kundi la watu penye shimo. Lakini kulinda baramini ili kulinda chakula ni kuuza mkono kidogo kidogo. Tunapaswa kudai vyote viwili kwa siku moja: mashini iingie, na yule aliyefungua milango kwa miaka yote afundishwe kuitunza. Viungo vinataka mafuta, silinda zinataka mtu wa kuzipima, milango inataka mtu wa kuitazama kabla ya safari. Kazi hiyo ipo. Wasiwape watu wa kutoka mbali huku wazee wa kazi wanapewa karatasi ya kwenda nyumbani.

Na kwa nini tunaandika haya sasa? Kwa sababu reli imerudi katika vinywa vya watu. Njia ya Lobito, iliyounganishwa na reli yetu tangu mwaka 1931 na kukatwa miaka mingi kwa vita vya Angola vilivyoanza 1975, ilitolewa na Leta ya Angola, kwa mkataba wa mwaka 2022, kwa kompanyi ya Lobito Atlantic Railway, kwa miaka 30. Huku kwetu reli ni ya SNCC. Pale panaposemwa reli, patasemwa wagoni, na wagoni ikisha kununuliwa inakaa miaka arobaini. Mlango utakaochaguliwa katika ofisi kwa asubuhi moja, watoto wetu wataufungua mpaka wawe na mvi.

Kwa hiyo sendika isingoje wagoni zifike stesheni. Iulize mapema, kwa barua yenye tarehe: kufuli ni la namna gani? Mfunguaji anasimama hatua ngapi kutoka mlangoni? Mawe yakikwama, kuna mashini ya kutikisa wagoni, au atapandishwa mtu? Mtu akiingia chini kusafisha, hewa inakatwa na kufungwa kwa kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwa nani? Sisi tunasema: mfukoni mwake mwenyewe aliye chini.

Na siku ya kuijaribu wagoni ya kwanza, wasiilete tupu na kupakwa rangi kwa ajili ya picha. Waijaze mawe mabichi ya mwezi wa kwanza, yaliyonyeshewa usiku mzima, waisimamishe juu ya shimo, na injenieri aliyeichagua ashike kishikio yeye mwenyewe, akisimama pale pale atakaposimama mfanyakazi.