Kwa nini kisamvu hutwangwa kwanza

Kuanzia Mikindani hadi Msimbati, na vijiji vya kando ya Mto Ruvuma, kisamvu hupita kwenye kinu kabla ya kuingia chunguni. Wengi hudhani kutwanga ni kulainisha majani tu. Kumbe ndipo sumu inapotolewa.

Majani na mizizi ya muhogo, hasa ule mchungu, yana kemikali iitwayo linamarini, ambayo ndani yake imefungwa sianidi. Mmea huohuo una kimeng'enya kiitwacho linamarase. Vimeng'enya ni protini zinazoharakisha kazi za kemikali mwilini na kwenye mimea, na kazi ya hiki ni kuivunja linamarini ili sianidi itoke na kupaa kama hewa. Tatizo ni kwamba viwili hivi hukaa mbalimbali ndani ya mmea. Havikutani mpaka jani lipondwe.

Moto nao una lake. Linamarase hufanya kazi vizuri penye uvuguvugu, lakini maji yanayochemka huiharibu upesi, wakati linamarini huvumilia. Anayetumbukiza majani mazima kwenye maji ya moto amemuua mfanyakazi kabla hajashika jembe.

Muda pia unahitajika. Mwaka 1988, wakati wa ukame wilayani Masasi, familia zenye njaa zilitwanga muhogo mchungu, zikauanika na kula unga wake ndani ya siku moja. Watu waliugua kwa sianidi. Kutwanga walitwanga, ila sumu haikupata muda wa kutosha kutoka.

Anayekula muhogo wa namna hiyo kwa wiki nyingi, bila mboga ya maana, anaweza kupata konzo: miguu hupooza ghafla na haiponi. Ugonjwa huo uliibuka Mtwara vijijini mwanzoni mwa miaka ya 2000, na huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Samaki, mbaazi na kunde humpa mwili protini ya kupambana na sumu, kwa hiyo mtoto asilishwe ugali wa makopa mtupu siku nenda rudi.

Kwa unga wa muhogo mchungu ipo njia rahisi, iliyobuniwa na mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury. Weka unga kwenye bakuli na utie alama ulipoishia. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha. Tandaza unga huo kwenye mkeka safi, unene usizidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Kimeng'enya kilichokuwa kimelala kwenye unga mkavu huamka kikipata maji, na joto la jua hukiharakisha.

Ugali upikwe siku hiyohiyo, maana unga uliolowa ukilala huharibika. Mtoto akitapika, akiumwa kichwa au kupata kizunguzungu saa chache baada ya kula muhogo, apelekwe zahanati mara moja.