Meli Zinazama, Nyoyo Zinasusuwaa

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam).

Ndugu Waislamu, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imebeba watu wengi kupita kiasi chake. Maiti zaidi ya 200 ziliopolewa, na mamia ya watu hawakuonekana tena. Haikutimia hata miezi 11, tarehe 18 Julai 2012, siku chache kabla ya Ramadhani, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe.

Wala msiba huu haukuwa mgeni. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, wakafa zaidi ya watu 800. Na tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilichoruhusiwa abiria 101 kilipinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya watu 220.

Je, waliozama walikuwa waovu kuliko sisi? Hasha! Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametufundisha kuwa Muislamu anayekufa kwa kuzama ni katika mashahidi. Onyo ni letu sisi tuliobaki.

Katika Suuratul-An'aam, aya ya 42 hadi 44, Allah Anatueleza habari za umma zilizopita. Zilifikwa na shida ili zinyenyekee, lakini nyoyo zao zikasusuwaa, na shetani akawapambia waliyokuwa wakiyatenda. Kisha wakafunguliwa milango ya kila kheri, na walipokuwa katika furaha wakakamatwa kwa ghafla.

Tuzingatie mpangilio huo. Baina ya onyo na maangamizi kuna kipindi cha raha, na hapo ndipo moyo unapokufa. Meli iliyojazwa kupita kiasi hufika salama leo, kesho na keshokutwa. Mwenye meli huhesabu faida, nahodha hujiona mzoefu, na abiria husema, "Mungu atatufikisha." Usalama wa jana umeshageuzwa kuwa hoja. Lakini hiyo si tawakkul, kwani Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo ategemee kwa Allah.

Wengi tunadhani mwenye moyo mgumu ni yule asiyelia. Sivyo. Tulilia sana, tukasali, tukasoma dua. Moyo mgumu ni ule unaolia msibani, na matanga yakimalizika ukarudi kuuza tiketi za ziada.

Basi kila mmoja ajihesabu. Msimamizi wa bandari anayepokea chochote ili meli iliyojaa iondoke amekula rushwa na amekhini amana ya roho za watu. Nahodha anayejua hatari akang'oa nanga, hatakuwa na udhuru wa kusema ameamrishwa na tajiri, kwani hakuna utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba. Na abiria anayeona meli imeelemewa, ashuke, hata kama kesho ni Idi. Allah Ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizi.

Dawa ni tawba ya kweli, yaani kuiacha dhambi, kuijutia, kuazimia kutoirudia, na ikihusu haki za watu, kuwarejeshea haki zao. Katika Suuratul-Hadiyd, baada ya kuwatahadharisha waumini wasiwe kama wale ambao nyoyo zao zilisusuwaa, Allah Anakumbusha kuwa Yeye Huihuisha ardhi baada ya kufa kwake. Ardhi iliyokauka hupata mvua, na moyo vilevile haujafungiwa mlango.

Tunamuomba Allah Awarehemu waliotangulia, Awape subira wafiwa, na Azilainishe nyoyo zetu kabla halijatufika onyo jingine. Aamiyn.