DAFTARI LA MALI KWA MALI LISHIKWE NA NANI?

Kila siku twawasikia wenye biashara ndogo ndogo wakilalamika kwamba fedha haionekani. Malalamiko hayo si ya uongo. Lakini apitaye katika mitaa yetu huona jambo la ajabu: seremala amekaa kitako na mbao zimo karakanani, fundi cherehani amekunja mikono na vitambaa anavyo, mama lishe amwaga wali uliolala, na wenye njaa wapo. Kazi ipo, mali ipo, na haja ipo. Kinachokosekana ni shilingi ya kuvikutanisha.

Kwa ajili hiyo twataka leo kusema juu ya vyama vya mabadilishano. Wazee wetu waliijua biashara ya mali kwa mali, na waliujua udhia wake: mwenye mtama atakaye jembe sharti ampate mwenye jembe atakaye mtama, tena siku hiyo hiyo. Chama cha mabadilishano huondoa udhia huo kwa daftari. Seremala humtengenezea mama lishe mabenchi ya shilingi 60,000. Hapokei senti, daftarini huandikwa kwamba anadai 60,000, na mama lishe kwamba adaiwa kiasi hicho hicho. Seremala hana haja ya kula wali wa 60,000. Yeye huchukua rangi kwa muuza rangi, naye muuza rangi, mwenye harusi ya binti yake, humwagiza mama lishe apike pilau ya shughuli. Deni limekwisha, na hakuna noti iliyotoka mfukoni mwa mtu.

Hapa yatupasa kutua kidogo. Katika daftari hilo, kila anachodai mmoja ni deni la mwingine. Yakijumlishwa madai yote na kutolewa madeni yote, jibu ni sifuri. Lisipokuwa sifuri, yuko mtu aliyejiandikia.

Jambo hili si ndoto. Mwaka 1934, ulimwengu ukiwa katika dhiki kubwa ya uchumi, Werner Zimmermann na Paul Enz pamoja na wenzao waliunda huko Zürich, Uswisi, chama kilichoitwa WIR, ili wafanyabiashara wadogo wauziane wao kwa wao pasipo kungoja faranga. Chama hicho hata leo kingali hai, nacho kimekuwa benki.

Argentina mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1995 majirani wachache wa Bernal, karibu na Buenos Aires, walianza kubadilishana vyakula na nguo, wakiandika daftarini. Baadaye wakachapa karatasi za kulipana. Taabu ya mwaka 2001 ilipowapata wananchi, watu walimiminika kwa wingi mno. Karatasi zikachapwa kupita mali iliyokuwapo, wenye hila wakazighushi, bei zikapanda, na mwaka 2002 sehemu kubwa ya vyama hivyo ikaporomoka. Aliyeumia ni mnyonge aliyetoa mkate wake wa kweli akapewa karatasi isiyonunua kitu.

Karibu nasi, katika mtaa wa Bangladesh, Mombasa, wachuuzi walianza mwezi Mei 2013 kutumia vocha walizoziita Bangla-Pesa, mpango ulioongozwa na Mmarekani Will Ruddick. Mwanachama alidhaminiwa na wenzake, na vocha alizopewa zilikuwa na kiasi maalumu. Kabla mwezi haujaisha polisi waliwakamata watu sita, Ruddick akiwa mmoja wao, kwa shutuma za kughushi. Mashtaka yaliondolewa mwezi Agosti mwaka huo huo. Mpango ukaendelea, na baadaye ukahamia katika simu kwa jina la Sarafu. Sisi hatuilaumu serikali yoyote kwa kuilinda fedha ya nchi. Twasema tu kwamba wachuuzi wa maandazi wasingepaswa kulala rumande ili ijulikane kuwa vocha si noti bandia.

Basi daftari lishikwe na nani? Marekani yako makampuni yanayolishika kwa faida: hutoza asilimia fulani ya kila biashara, na mara nyingi huitaka kwa fedha taslimu, hata kama mwanachama hakupokea fedha. Mwenye kampuni akiwa mtu wa tamaa, aweza pia kujikopesha yeye mwenyewe. Huyo ni dalali katika nguo mpya, na dalali twamjua. Wakulima wa pamba wa Usukuma walimjua pale kwenye mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliweka watu wao wenyewe wa kuitazama mizani ya wanunuzi, na katika harakati hizo, alizoziongoza Paul Bomani, likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria mwaka 1955. Daftari la mabadilishano ni mizani ile ile. Likae mahali mwanachama yeyote aweza kulifungua na kujumlisha mwenyewe, na pawe na kikomo cha deni asichoweza kukivuka mtu, awe mwenyekiti au katibu.

Wenye biashara nao wasilewe. Ankara ya umeme hailipwi kwa mabenchi, na gunia la unga kutoka kinuni lataka shilingi. Mwoka mikate atakayeuza mikate yake yote kwa daftari atafunga tanuri ndani ya mwezi mmoja. Auze ile ya ziada. Na kodi haikwepwi kwa kubadilishana. Kilichouzwa kimeuzwa, hata kama bei yake ni ndoo ya rangi.

Lakini liko neno moja tunalolisema kwa sauti ya juu, maana linawahusu wafanyakazi. Mwajiri asithubutu kumlipa kibarua mshahara kwa madai ya daftari. Uingereza yenyewe, pamoja na unyonyaji wote wa viwanda vyake, ilitunga sheria mwaka 1831 kuwataka waajiri wa viwanda vingi walipe mishahara kwa sarafu, kwa sababu matajiri waliwalipa watu bidhaa hafifu kutoka maduka yao wenyewe. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge nao wanayo ya kusema juu ya posho. Mwenye duka akubaliane na mwenye duka mwenzake. Jasho la mfanyakazi lilipwe fedha.

Twaitaka Tume ya Maendeleo ya Ushirika itangaze waziwazi ni kwa masharti gani kikundi cha mafundi na mama lishe chaweza kuandikishwa kufanya kazi hii chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, na Benki Kuu iseme mapema mpaka wa vocha na fedha uko wapi. Wayaseme hayo sasa, kwa Kiswahili, kabla ya polisi kuitwa.