Kizuri chajiuza, lakini kwa anayekiona

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeisikia tangu utotoni, nami nimeitumia mara nyingi kuwanyamazisha watu wenye maneno mengi sokoni. Lakini siku hizi, kila nirudipo kwetu Merigi, huko Bomet Mashariki, najikuta naitilia shaka. Nimeona kizuri kimekaa ukutani miaka na miaka bila ya kujiuza, na nimeona kibaya kikitembezwa hadi kikamaliza fedha za watu.

Jirani yetu mmoja, bibi wa makamo ya juu ambaye sote twamwita Kogo, hutengeneza vibuyu vya mursik. Huotesha mmea wake mwenyewe kando ya boma, huvuna, hukausha, hutoa mbegu, husafisha ndani kwa kijiti cha sosiot, kisha hushona mkanda wa ngozi na kupamba kwa shanga. Kwa lugha yetu chombo hicho ni sotet. Mwenye kukijua hukisugua ndani kwa kaa la mti wa senetwet kabla ya kutia maziwa, na ndiyo maana mursik huwa na ile rangi ya majivu na ile harufu ambayo mtoto wa Kikipsigis haisahau hata akikaa ughaibuni miaka ishirini.

Sijamwona mtu aliyekishika kibuyu cha Kogo akasema ni kibaya. Hata hivyo kwa muda mrefu vibuyu vyake vilikuwa vikining'inia ukutani vikila moshi. Sababu yake ni nyepesi. Pale Merigi kila nyumba ina kibuyu chake, au ina shangazi ajuaye kukitengeneza. Wakati huo huo, huko Nairobi na Nakuru, ziko familia zinazojiandaa kwa koito, siku ya wazee kukutana na kuzungumzia mahari, nazo zinahangaika kutafuta sotet ya kweli. Aghalabu huishia kununua kibuyu cha mapambo kilichotengenezewa watalii, ambacho ukikitia maziwa kinavuja.

Basi kizuri kilikuwa upande huu, na mwenye haja alikuwa upande ule. Methali haikukosea. Ilitungwa kwa ajili ya soko ambamo muuzaji na mnunuzi huonana ana kwa ana, wakashika kitu, wakakigonga kwa kidole na kusikiliza mlio wake. Kizuri chajiuza, ndiyo, lakini kwa anayekiona.

MPIGA DEBE

Mjukuu wa Kogo, kijana aliyemaliza shule na kukosa kazi, aliamua kuvitangaza vibuyu hivyo kwenye mtandao kwa simu yake ya mkononi. Nia ilikuwa njema. Njia ndiyo iliyokuwa na kasoro. Alitia muziki na watu wakicheza. Akalipia tangazo ili lienezwe kwa kila mtu. Tena akachukua picha ya mwanariadha mashuhuri akinyweshwa mursik kwenye uwanja wa ndege, kama ilivyo desturi ya kuwapokea mashujaa wetu, akaiweka kana kwamba kibuyu kile kilitoka nyumbani kwao.

Watazamaji walikuwa wengi. Walicheka, wakasifu, wakapita. Walioulizia bei hawakujaa vidole vya mkono mmoja, na mnunuzi hakupatikana. Nilikuwapo siku kijana alipomwonyesha bibi yake ile picha kwa majivuno. Kogo aliisogeza simu karibu na macho, akaitazama kitambo, kisha akanigeukia mimi na kuniambia: "Mwanangu, hiki si changu. Mshono huu wa ngozi si wa mkono wangu. Kwa nini mtoto aniuzie jina la mwenzangu?"

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Vijana wetu wengi wameamini kwamba wingi wa macho ndiyo mali. Wanahesabu watazamaji kama mfugaji anavyohesabu ng'ombe, na wengine hata hununua wafuasi wa uongo ili hesabu ipande. Hebu tufikiri juu ya mpiga debe wa pale kituo cha matatu, Bomet mjini. Kazi yake si kukusanya umati. Akijaza gari la Narok kwa abiria waendao Sotik, amefanya kelele ya bure, na dereva hatamlipa. Mpiga debe hodari ni yule anayemtambua abiria wa Narok katikati ya watu mia, akamwendea, akamwambia nauli, akamwonyesha kiti.

Kutafuta wateja kwa mtandao ni kazi iyo hiyo. Kuna mtu apitaye tu mbele ya banda lako. Kuna yule asimamaye na kuuliza bei. Na kuna yule akuachiaye jina lake na nambari yake ya simu, akisema: ukiwa nacho kikubwa zaidi, nijulishe. Huyu wa tatu ndiye mteja mtarajiwa, na mmoja wake anawashinda wapita njia elfu.

Yule kijana alijifunza. Akaifuta ile picha. Akapiga picha ya vibuyu vya bibi yake mchana kweupe, kimoja kimoja, kwa mbele na kwa ndani. Akaandika ukubwa wake kwa lita, bei yake, kimetoka wapi, na jinsi kitakavyotumwa. Akaeleza pia namna ya kukitunza. Muhimu zaidi, akatumia maneno ambayo mnunuzi mwenyewe huyatumia. Mtu akitafuta kitu katika mtambo wa kutafutia kama Google, mtambo huo haujui uzuri wa shanga. Unayalinganisha maneno aliyoandika mtafutaji na maneno uliyoandika wewe, kisha unapima kama ukurasa wako unafaa na kama watu wengine wanautaja. Mwenye kutafuta sotet ya koito hataandika "kazi bora za Kiafrika". Ataandika sotet, ataandika koito, ataandika mursik. Asiyeyaandika maneno hayo amejificha mwenyewe.

Wanunuzi wakaanza kuja, mmoja leo, mwingine baada ya wiki mbili. Si utajiri, lakini ukuta wa Kogo umepata nafasi.

JINA NI AHADI

Watu watasema haya ni mambo mapya yaliyoletwa na kompyuta. La hasha. Sisi wa nchi ya chai tulipaswa kuwa wa kwanza kuyaelewa, kwani majina makubwa ya chai yalijengwa kwa njia hizi hizi kabla ya hata redio kuwako.

Mwaka 1871 Thomas Lipton alifungua duka lake la kwanza katika mji wa Glasgow, Uskochi. Ili watu walijue, aliwaswaga nguruwe wanono barabarani wakiwa na bango lisemalo kwamba wanakwenda dukani kwa Lipton. Magari ya farasi yalisimama, watu wakatazama, jina likaenea. Lakini angekuwa na nguruwe peke yao, leo tusingemkumbuka. Waliofika dukani waliikuta bidhaa safi kwa bei nafuu, na alipoingia katika biashara ya chai aliiuza katika pakiti zenye uzani unaojulikana, ili mnunuzi asipunjwe.

Miaka miwili kabla ya duka hilo la Glasgow, yaani 1869, Arthur Brooke alifungua duka lake mjini Manchester. Akaliita Brooke Bond. Jina hilo linajulikana sana Kericho, maana kampuni yake ilianza kupanda chai huko katikati ya miaka ya 1920, na wazee wengi walilifanyia kazi. Wengi hudhani walikuwa mabwana wawili, Brooke na Bond. Kumbe hakukuwa na mtu aitwaye Bond. Neno hilo kwa Kiingereza maana yake ni dhamana, na Brooke alilitia katika jina la duka kama ahadi yake kwa wateja kwamba chai yake ni safi.

Nayo majani yetu je? Mkulima mdogo wa Bomet huamka alfajiri, huchuma majani mawili na chipukizi, huyapeleka kituoni yakapimwa, na hapo ndipo jina lake linapoishia. Tangu Mamlaka ya Ustawi wa Chai ilipoanzishwa mwaka 1964, wakulima wadogo wamejenga sifa ya chai ya Kenya duniani kote. Lakini sehemu kubwa ya chai hiyo huuzwa kwa wingi katika mnada wa Mombasa, uliohamia huko kutoka Nairobi mwaka 1969, kisha huchanganywa na chai ya nchi nyingine na kutiwa katika pakiti yenye jina la mtu mwingine. Mwaka 2020, wakati wa korona, hata mnada wenyewe ulihamia kwenye kompyuta. Madalali sasa hubonyeza badala ya kupaza sauti. Mkulima wa Merigi bado hana jina katika kikombe cha mnywaji.

Sisemi kila mkulima afungue duka lake la mtandaoni kesho. Majani mabichi hayauziki kwa picha, na kiwanda ni lazima. Nasema kwamba vyama vyetu vya ushirika na viwanda vyetu vikitaka kuuza chai iliyotiwa pakiti kwa jina la kwetu, mlango uko wazi kuliko ulivyokuwa kwa baba zetu. Lipton alihitaji maduka mengi na magazeti. Kijana wa leo anahitaji ukurasa wake wa tovuti, picha za kweli, maneno sahihi, na subira. Malipo yanaweza kupita kwa M-Pesa, ambayo tumekuwa nayo tangu 2007. Kinachokosekana ni ile dhamana ya Brooke: kwamba kilicho katika picha ndicho kilicho katika mfuko.

AMANA YA NAMBARI

Liko jambo la mwisho, na kwangu ndilo zito. Kogo hawezi kusoma vizuri, hivyo mjukuu wake huandika katika daftari jina la kila anayeulizia, nambari yake, na anachotaka. Ni kazi ya busara, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Siku moja akaja mtu fulani kutoka mjini, amevaa vizuri, akasema atalinunua lile daftari. Hakutaka vibuyu. Alitaka nambari, ili awatumie watu hao matangazo ya mikopo na ya michezo ya kubahatisha.

Fedha alizotaja zilikuwa nyingi kuliko bei ya vibuyu vitatu. Kijana alitetemeka kidogo, sitaki kumficha. Mwishowe alimwuliza bibi yake. Kogo akasema kwamba watu hao walimwachia nambari kama mtu anavyomwachia jirani ufunguo wa nyumba, na kwamba ufunguo wa jirani hauuzwi.

Bibi huyo hajapata kuisoma Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019. Lakini alilosema ndilo linalosemwa na sheria hiyo: habari za mtu hazitumiki kwa biashara bila ya ridhaa yake, wala hazipewi mwingine kwa kazi ambayo mwenyewe hakuikubali. Ni nani kati yetu ambaye hajaamshwa na ujumbe wa mikopo asiyoiomba, akajiuliza nambari yake ilifikaje huko? Ilifika kwa njia ya madaftari yaliyouzwa. Kila mfanyabiashara anayeuza daftari lake hupata fedha mara moja, na kila mteja aliyemwamini hatamwamini tena. Kwetu sisi, ambao biashara zetu bado ni changa na hazina jina, hasara hiyo haifidiki.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wasiwacheke vijana wanaoshinda na simu wakitafutia bidhaa za nyumbani soko. Hiyo nayo ni kazi, na methali isitumiwe kuwavunja moyo. Nawaomba vijana nao wasione haya kuuliza wazee maana ya kitu kabla ya kukitangaza. Sotet si chupa. Ina siku zake na heshima zake, na anayeiuza bila kuijua atamwuzia mwenye koito aibu mbele ya wakwe. Nazo serikali za kaunti, zinapowafundisha vijana biashara ya mtandao, ziwafundishe na uaminifu, isiwe ni ufundi wa kubonyeza peke yake.

Juzi juzi nilipita kwa Kogo kumwamkua. Alikuwa akishona mkanda wa kibuyu alichoagizwa na familia moja ya Nakuru. Kwenye ngozi, karibu na mshono, nikaona ametia alama ndogo ya shanga tatu nyeupe ambayo zamani haikuwapo. Nilimwuliza ni ya nini. Akanijibu bila kuinua macho: "Huko kiendako hawanijui. Kikivuja, wajue ni cha nani."